Nati ya Ijumaa

"Nimemuua mimi," Mzee Obadiah alisema tena, kwa sauti ya mtu anayetaja kijiji anachotoka. "Andika hivyo, madam, tumalize."

Inspekta Mokeira hakuandika. Katika chumba kidogo cha mahojiano cha kituo cha Keroka alikuwa amezoea watu wanaokana hata kivuli chao. Huyu alikuwa anakiri mbio mbio, na kazi ilikuwa imemfundisha Mokeira kwamba anayekiri mbio mbio ana jambo analotaka lipite bila kutazamwa.

Mambo yenyewe yalionekana mepesi. Jumapili asubuhi, ufuoni mwa ziwa, mchuuzi wa ndizi kutoka Manga aitwaye Mathew Nyabuto aliuawa na propela ya injini ya boti yake mwenyewe. Alikuwa amesimama majini nyuma ya boti, akiondoa magugu. Mkono wa gia ulikuwa nyutro, mahali ambapo injini huunguruma tu na propela hukaa kimya. Injini ilipowashwa, propela haikukaa kimya. Boti ilirudi nyuma kwa nguvu ikamkuta. Injini hiyo ilikuwa imetoka kwa fundi Obadiah Ogoti siku moja tu kabla ya hapo, na kesho fundi huyo alitakiwa kusimama mbele ya hakimu.

"Nieleze tena hiyo kazi, Tata," Mokeira alisema, akimwita baba kwa lugha ya kwao.

"Mathew aliileta gia ikiwa inaruka. Unaweka mbele, inashika kidogo, halafu inatoka yenyewe, ko, ko, ko. Nikafungua chini. Ile chuma ya kati yenye meno ilikuwa imeisha, meno imekuwa laini kama ya mzee. Nikaweka ingine. Ijumaa nikarudisha kila kitu. Ikabaki nati moja, ile inaunganisha fito ya juu na fito ya chini. Niliishika na vidole tu. Jua likaingia, Sabato ikanikuta. Nikaacha hapo."

"Ukaiacha haijakazwa."

"Si nimesema? Nikaacha wazi, mtu akafa. Sasa unatafuta nini ingine?"

Mokeira alitazama sufuria ya kituo iliyokuwa pembeni, maharage yameganda, hayajaguswa. "Hakuna aliyekuletea chakula tangu jana?"

"Wa kuleta ni nani?" Mzee aliuliza bila uchungu wowote. "Mke wangu alitangulia. Watoto Mungu hakutupatia. Nyumbani kuna kuku, na hao nao wanaishi kwa huruma ya jirani."

Maneno hayo yalimchoma Mokeira. Yeye mwenyewe jana usiku alikuwa amepika ugali wa mtu mmoja, akala nusu akiwa amesimama, akampa mbwa wa kituo nusu iliyobaki. Alifunga faili na kumwita Sajini Ogari.

* * *

Banda la Obadiah lilikuwa nyuma ya gereji za malori, mwisho wa Keroka. Nguzo nne, mabati, na pipa kubwa la maji la kujaribia injini. Watu wa mji walimwita fundi huyo Kapteni, kwa dhihaka, kwa kuwa Keroka hakuna maji ya kumtosha hata bata. Alikuwa amefanya kazi ziwani ujana wake wote, akarudi nyumbani kumuuguza mke, mke akafariki na yeye akabaki. Wavuvi waliendelea kumpandishia injini mlimani kwa pikapu, kwa sababu zikitoka kwake zilikuwa zinakaa.

Injini iliyomuua Mathew ilikuwa imeletwa kutoka ziwani na lebo ya polisi. Mokeira aliomba ifungwe kwenye stendi ya banda hili badala ya kulazwa sakafuni kituoni. Kabla ya kuhamishiwa nyumbani alikuwa ametumikia boti za polisi kwa miaka mingi, na injini ya zamani ya aina hii aliijua vizuri kama njia ya kwenda kisimani.

"Madam, mimi injini ninayojua ni ya kusaga unga," Sajini Ogari alisema. Alikuwa mtu mzito, karibu kustaafu, na alipenda kesi zinazoisha kabla ya chai. "Mzee amekiri. Tunafungua ya nini?"

"Kwa sababu injini haijakiri. Piga picha."

Kwanza alichomoa plagi zote ili isije ikawaka. Akaweka mkono wa gia nyutro, ukalia kidogo kama unavyopaswa. Kisha akainama, akashika propela na kuizungusha polepole. Nyutro ya kweli huiacha propela izunguke yenyewe, kushoto au kulia, bila kubeba kitu. Hii ilisogea kidogo, ikakamata. Alipoongeza nguvu, gurudumu la injini kule juu nalo likaanza kuzunguka.

"Umeona? Mkono unasema nyutro. Kule chini ni gia ya nyuma."

"Mkono unadanganya," Ogari alisema.

"Sasa tazama." Akasukuma mkono mbele. Propela ikawa huru, ikazunguka kama feni. Akauvuta mkono nyuma, ukagoma katikati ya njia. "Kila kitu kimesogea hatua moja. Ukiweka mbele unapata nyutro. Ukiweka nyutro unapata nyuma."

"Basi ni ile chuma mpya ya mzee. Ameweka mbovu."

Lilikuwa wazo zuri na Mokeira hakulidharau. Lakini kabla ya kufungua chini ilibidi atazame kiungo, maana ukishafungua, kiungo kinapotea. Alitoa kifuniko cha mpira kwenye mguu wa injini. Kidirisha hicho ni kidogo, vidole viwili na spana basi. Ndani yake zilionekana fito mbili za chuma, wa juu unaotoka kwenye mkono wa gia na wa chini unaoingia kwenye giaboksi, zimeunganishwa kwa nati ndefu ya shaba. Nati hiyo ndiyo hupima urefu. Ukiizungusha huku, fito zinavutana. Ukiizungusha kule, zinaachana. Fundi huihesabia nafasi yake mpaka mkono na gia viseme jambo moja, halafu ndipo anaifunga kwa nati ndogo ya pili.

Mokeira aliingiza vidole na kujaribu kuizungusha. Haikusogea hata kidogo.

Alichomoa vidole, akavifuta kwenye kitambaa.

"Sajini, mzee alisema aliiacha vipi?"

"Na vidole. Wazi."

"Basi anakiri kosa ambalo halipo. Imekazwa mpaka mwisho, na kila mzunguko umevuta ufito wa chini kuelekea gia ya nyuma. Njoo na taa yako."

Ogari alileta simu na kumulika. Pembe za nati zilikuwa zimetafunwa. Yalikuwa makovu ya meno, mstari baada ya mstari, na katika kila mstari palikuwa na pengo mahali palepale, kama kinywa cha mtoto aliyeng'oka jino.

"Koleo," Mokeira alisema. "Koleo lililovunjika jino moja."

Alisimama, akatazama ukutani. Spana za Obadiah zilikuwa zimetundikwa kwa ukubwa wake, kila moja imechorewa kivuli chake kwa rangi ili ijulikane ikikosekana. Hakuna hata moja iliyokosekana. Koleo lilikuwepo moja, la kukatia nyaya, midomo yake laini. Akakagua injini nyingine zilizokuwa zinangoja wenyewe. Hakuna nati hata moja iliyokuwa na kovu.

"Huyu mtu kuitafuna nati ya shaba kwa koleo?" Ogari alitikisa kichwa. "Afadhali uniambie umemkuta na nyama ya nguruwe."

Walimwaga oili ya giaboksi kwenye beseni. Ilitoka safi, rangi ya asali, bila tone la maji. Walipofungua, kile chuma kipya cha kati kilikuwa na meno makali, yamekaa sawasawa. Wazo la Ogari likafa hapo. Kazi ya Obadiah ilikuwa nzuri kuliko yote ambayo Mokeira aliwahi kuiona ziwani.

Ni Ogari aliyeona jambo la mwisho. Kwenye mpini wa kamba ya kuwashia palikuwa na fundo la ukambaa mkavu wa mgomba, limekatwa karibu kabisa. Akanyoosha kidole kwenye injini iliyokuwa pembeni. Ile ilikuwa na ukambaa mzima, umefunga mpini na mkono wa gia pamoja.

"Hiyo ni alama yake," alisema. "Ukiona kamba ya mgomba, kazi haijaisha, usiguse. Kila mtu anajua. Hata mimi najua, na sina boti."

"Kwa hiyo aliyeikata alijua haijaisha."

"Alijua kabisa. Lakini mzee naye si angefunga banda?"

"Mwizi wa Keroka aibe injini ya boti akaiendeshe wapi? Barabarani?"

Ogari alicheka, kisha akaacha kucheka. Aliyeichukua hakuwa mwizi. Injini ilikutwa kwenye boti ya mwenyewe.

* * *

Mokeira alipanda Manga peke yake. Ukungu ulikuwa haujaondoka ukingoni, na katika mashamba ya chai wachumaji walionekana vichwa tu. Nyumbani kwa marehemu turubai lilikuwa limeshafungwa, viti vya plastiki vimepangwa, lakini waombolezaji walikuwa wameshuka kuzungumzia mazishi kwa chifu. Abigael, mjane, alikuwa amekaa peke yake mlangoni na sinia la mchele mapajani. Hakuwa anachambua.

"Poleni sana, mama."

"Asante, madam. Nimesikia mzee amekiri." Hakuinua macho. "Sasa atafungwa miaka mingapi?"

"Niruhusu kwanza nitazame vyombo vya pikapu yenu."

Mikono ya Abigael ilishika ukingo wa sinia. Akaonyesha kwa kidevu. Mokeira alienda kwenye pikapu iliyoegeshwa kando ya migomba, akafungua mlango, akapapasa chini ya kiti. Kulikuwa na jeki, chupa ya oili, na koleo kuukuu la mpini mwekundu. Alilifungua midomo. Jino moja lilikuwa limevunjika, na kati ya yaliyobaki kulikuwa na unga wa njano unaong'aa. Sakafuni, karibu na pedali, ulikuwa umelala ukambaa mkavu wa mgomba.

Alivitia kwenye mifuko ya ushahidi, akarudi, akaketi kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa amewahi kuuliza maswali magumu, lakini hili alitamani mtu mwingine awepo aliulize.

"Wenzangu wa ziwani waliandika kwamba injini iliwashwa. Hawakuandika ni nani aliyeiwasha. Mathew alikuwa majini. Botini kulikuwa na nani?"

Kuku akaja, akadonoa mchele ulioanguka, hakuna aliyemfukuza.

"Mimi," Abigael alisema.

Mokeira alifungua daftari lake.

"Sabato nilikuwa kanisani Keroka, nimevaa nguo ya kwaya. Akaja mpaka mlangoni na nguo ya shamba, akaniita na kidole. Yeye ni Mkatoliki, hakuona shida. Nikatoka. Banda ni hapo nyuma tu. Nikamwambia, 'Tata Obadiah alisema Jumapili.' Akaniambia ndizi hazijui Sabato. Zilikuwa zimeshaanza kuiva, madam. Wateja wa kisiwani walikuwa wanangoja." Alipumua. "Akakata ile kamba. Nikamshikia injini isiyumbe. Akatazama kwa kile kidirisha, akaona nati inalegea, akasema, 'Kumbe ni hii tu!' Akachukua koleo. Akakaza mpaka jasho likamtoka. Akasema sasa imekaa."

"Na Jumapili?"

"Magugu yalikuwa yameshika propela. Akashuka kuyatoa. Akatazama mkono wa gia, akaniambia, 'Vuta, iko nyutro.' Nikavuta. Haikuwaka." Mkono wake ulivuta kamba isiyokuwepo. "Nikavuta tena, madam. Haikuwaka mara ya kwanza, na mimi nikavuta tena."

Sinia lilimteleza, mchele ukamwagika miguuni pake. Mokeira alipiga magoti kuuzoa.

"Ikiwa ni nati ya Obadiah," Abigael alisema juu ya kichwa chake, "basi si mkono wangu. Unanielewa? Nilipoambiwa amekiri nilishukuru Mungu. Nilimshukuru Mungu mtu afungwe, ili niweze kulala."

"Na umelala?"

"Hapana."

"Ni ajali, mama. Nitaandika hivyo na nitasimama nayo. Aliyevuta kamba aliyoambiwa avute hakuua mtu. Lakini mzee hawezi kufungwa kwa nati ambayo hakuikaza."

Abigael aliutazama mchele uliochanganyika na vumbi. "Amekula huyo mzee?" aliuliza.

"Hakuna wa kumpelekea."

* * *

Alasiri Mokeira aliweka koleo mezani mbele ya Obadiah, ndani ya mfuko wake. Mzee alilitazama mara moja tu, akafumba macho.

"Ulijua," Mokeira alisema.

"Nati ya vidole haiwezi kuua. Ingelegea, gia ikatae kuingia, boti ikae hapo kama jiwe. Waliponiambia imerudi nyuma ikiwa nyutro, nikajua kuna mtu ameivuta mpaka mwisho. Na nilimwona huyo mama akitoka kanisani, na botini Mathew alikuwa anaenda na yeye tu."

"Basi ulikuwa unakiri nini? Unataka kunipotezea kazi?" Hasira ilimpanda, na hakuificha. "Serikali haifungi mtu kwa sababu nyumba yake ina baridi, Tata!"

Mzee alilisukuma koleo pembeni kwa kidole.

"Huyo mama ana watoto," alisema. "Siku moja watamwuliza nani alivuta. Afadhali wawe na mtu wa kumchukia, na mtu huyo awe mbali. Mimi nikienda ndani, nani ataniuliza? Kuku?" Akajaribu kutabasamu, haikukaa. "Na sikudanganya yote. Nilisikia pikapu, madam. Nilijua sauti yake. Nilijua wanakwenda banda. Ningetoka nje tu na kusema, 'Mathew, acha, bado.' Hatua chache. Lakini nikajiambia Sabato si siku ya kugombania injini. Nikafungua kitabu cha nyimbo, nikaimba. Hiyo ndiyo nimekiri."

Mokeira alichukua taarifa ya kukiri, akaipiga mstari kwa kalamu, akaandika upande wake jina lake na cheo. "Uko huru. Nenda nyumbani."

Obadiah hakuinuka. Alikuwa bado anaitazama meza wakati Ogari alipofungua mlango na kusema kuna mgeni wa mahabusu, na hata yeye alionekana kutoamini maneno yake.

Abigael aliingia akiwa na leso ya matanga mabegani, chupa ya chai mkono mmoja na bakuli lililofungwa kwa kitambaa mkono mwingine. Alisimama palepale mlangoni.

"Tata, ni mimi nilivuta kamba."

"Najua, mama."

"Niliacha wakufunge."

"Najua pia. Keti."

Chumba kilikuwa na viti viwili, cha mhoji na cha mhojiwa. Mokeira alitoka kwenye chake na kwenda kusimama ukutani. Abigael alifungua bakuli. Ulikuwa ugali wa wimbi na mboga za chinsaga, bado moto. Mzee alinawa kwa maji ya chupa, akamega tonge, akalisogeza bakuli katikati ya meza ili na yeye ale. Walikula pamoja.

"Zile ndizi," Obadiah aliuliza, "zilifika kisiwani?"

Abigael alitikisa kichwa.

"Bado ziko botini. Hakuna aliyezishusha. Wamenipigia simu leo kwamba zimeoza."

Obadiah aliweka tonge chini, akaanza kulia, na Abigael naye akalia. Kule ukutani, Mokeira alitazama dirishani, ambako jua lilikuwa bado juu kabisa ya ukingo wa Manga, na hakutoka chumbani mpaka walipomaliza kulia.